Nywila ya Vipande Vitatu

Siku yule mama wa mawese wa Mwandiga aliposimama mkutanoni na kusema nywila za seva yetu ya barua pepe zitunzwe kama funguo za kasha la kikoba, watu watatu, kila mtu na ya kwake, nilipaswa kukataa. Nilikuwa katibu. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu na kikao kizima kilikuwa kinanitazama mimi. Ningesema tu, "Mama, kasha ni kasha na mashine ni mashine," watu wangecheka, tungehamia kwenye suala la usafiri wa magunia ya dagaa. Badala yake niliona wazo lile limeshuka kutoka mbinguni. Nikapiga makofi mimi wa kwanza, na katibu akipiga makofi, nani atabaki na mikono mapajani?

Kwa asiyekijua kikoba, nieleze. Wanakikundi wanaweka akiba zao katika kasha moja la bati lenye kufuli tatu. Kasha linakaa kwa mtu mmoja, na funguo zinakaa kwa watu wengine watatu. Hakuna anayeweza kulifungua peke yake. Huku kwetu kufuli hizo tatu zimeokoa urafiki mwingi na ndoa kadhaa, ndiyo maana wazo lilipokelewa kwa shangwe. Chama chetu cha wauza dagaa na mawese kilikuwa na watu wa Ujiji, watu wa Simbo, watu wa Mwandiga, Waislamu, Wakristo, wanaopendana na wasiopendana. Kitu pekee walichokubaliana wote ni kwamba hakuna mtu wa kuaminiwa akiwa peke yake.

Seva yenyewe tuliletewa na mradi mmoja uliokuja kwa kishindo ukaondoka kimya. Tuliiweka chumba cha nyuma cha ofisi, ambako zamani tulihifadhi madumu ya mawese, na harufu haikuhama. Kila mwanachama alipewa anwani ya barua pepe yenye jina la chama mwishoni. Wengi hawakuwahi kuandika hata barua moja, lakini anwani waliibandika kwenye milango ya maduka, kwenye mitumbwi, mmoja hata kwenye kadi ya harusi ya binti yake.

Mtaalamu wa mradi aliyeifunga mashine alitueleza jambo ambalo nililielewa nusu, nikaliandika kama nimelielewa lote. Alisema ndani ya mashine kuna programu nyingi zinazofanya kazi kama vibarua. Moja inapokea barua, moja inachambua zile za matapeli, moja inatuma nje. Zote lazima ziingie katika ghala moja ambamo kuna majina ya wanachama na masanduku yao, na ghala halimfungulii kibarua asiye na nywila. Zile ndizo nywila za huduma. Si za kwangu wala za kwako, ni za mashine kwa mashine. Yeye alitaka kila huduma iwe na nywila yake ndefu, na zote zihifadhiwe mahali pamoja penye usalama.

"Mahali pamoja?" yule mama akasema. "Baba, mahali pamoja ndipo wizi unapozaliwa."

Watu wakapiga vigelegele. Mtaalamu alitazama saa yake, maana alikuwa na ndege ya kuwahi, akasema sawa, fanyeni mnavyotaka. Ikawa nywila moja kwa huduma zote, yenye vipande vitatu, kila mtunzaji ajitungie cha kwake. Mimi kama katibu niliongeza sharti ambalo hakuna aliyeniomba: kipande kisiandikwe popote, kikae kichwani. Niliona hilo ni jambo la heshima.

Wa kwanza kuchaguliwa nilikuwa mimi. Wa pili mama mwenyewe. Wa tatu nilimpendekeza mimi, na hakuna aliyepinga, maana nilimtaja mtu ambaye Ujiji nzima ilimwita mtunza amana.

Huyu alikuwa rafiki yangu. Mmanyema wa Ujiji, mfanyabiashara wa dagaa kama baba yake. Mtu akivuka ziwa kwenda Kalemie, alimwachia hati ya kiwanja. Mwanamke aliyegombana na mumewe alimwachia hereni mpaka hasira zipoe. Hakuandika, hakuandikisha, hakuweka shahidi. Ukirudi hata baada ya miaka, alikuuliza hali ya safari, akaingia ndani, akatoka na kitu chako kimefungwa vilevile ulivyokifunga. Hakuwa na mali kubwa. Alikuwa na jina hilo tu, na jina hilo lilimtosha. Aliingia nalo msikitini, sokoni na misibani, na popote alipoingia watu walimsogezea kiti.

Mimi ni Muha, na mimi na yeye tulikuwa watani tangu ujana. Aliniita "Mha wangu," kana kwamba alininunua. Nilipomwendea kumweleza kazi ya kipande cha nywila, alicheka.

"Yaani nitunze kitu ambacho hakina umbo?"

"Ndiyo."

"Hakiliwi na mchwa?"

"Hakiliwi."

"Na nyinyi Waha mmeshindwa kutunza neno moja mpaka mje kumwita Mmanyema?"

"Nyinyi kazi yenu kahawa na maneno," nikamwambia, "tumewapa neno mkalinywe na kahawa."

Alikubali. Aliikubali ile kama alivyokubali hereni na hati, kwa uzito uleule.

Siku ya kuingiza nywila tulisimama watatu katika kile chumba cha mawese. Mmoja anaketi kwenye kibodi, wawili wanageukia ukuta. Mtaalamu naye tulimgeuza. Alianza rafiki yangu, akafuata mama, nikamalizia mimi. Mimi nilichukua muda, nikawasikia wakinung'unika huko ukutani. Kisha mtaalamu akasema imekubali, akakimbilia uwanja wa ndege, na sisi tukatoka nje tukijiona tumefanya kazi ya serikali.

Miaka ikapita. Hapa ndipo ninapotaka kujizaba kofi kila ninapofikiri. Ufunguo wa kasha la kikoba unautumia kila wiki; ukiupoteza utajua Jumamosi. Kipande cha nywila hatukukitumia hata mara moja. Mashine iliikumbuka nywila yenyewe, vibarua wake waliingia ghalani na kutoka, barua zilifika, na sisi watunzaji watatu tulizeeka na vipande vyetu kichwani bila mtu yeyote kutuuliza kama bado vimo. Jambo hili lingeonekana na mtoto. Mimi, mtu wa kidato cha nne niliyepitishwa kwenye fizikia, sikuliona.

Kisha umeme ukakatika, kama kawaida yake, na uliporudi ulirudi kwa hasira. Feni ya ofisini ilizunguka kama inataka kuruka, balbu zikapasuka, na kule chumba cha nyuma kukatoka harufu mpya iliyoshinda ile ya mawese.

Tulimwita fundi wa kompyuta kutoka Buzebazeba, dada wa makamo mwenye ulimi mkavu, ambaye tangu siku ya kwanza alinifanya nijisikie kama mteja aliyeleta redio yenye mende ndani.

"Shikamoo baba. Hiki chumba kilikuwa jiko?"

"Marahaba. Ghala la mawese."

"Na bado ni ghala la mawese," akasema, akafungua mashine.

Alifanya kazi siku kadhaa. Habari aliyotuletea ilikuwa nzuri na mbaya. Ile diski yenye ghala la majina na barua ilisalimika. Ile yenye programu iliungua. Programu alizifunga upya kwenye diski nyingine.

"Sasa hawa vibarua ni wapya," akanieleza, maana nilikuwa nimemwambia mfano wa yule mtaalamu. "Wanabisha hodi ghalani, mlinzi anawauliza neno, wao hawalijui. Neno mnalo?"

"Tunalo," nikasema kwa majivuno. "Liko sehemu tatu."

"Sehemu tatu za wapi?"

"Vichwani."

Aliweka bisibisi chini. "Baba, kwa nini hamkutumia barua pepe za bure kama watu wote?"

Niliwaita wenzangu. Mama alikuja kwa bodaboda huku amempakata jogoo aliyekuwa anampelekea mkwewe. Rafiki yangu alifika kwa kanzu ya Ijumaa ingawa haikuwa Ijumaa. Tukarudia ibada yetu ya ukuta, fundi akageuka nasi huku anatikisa kichwa. Rafiki yangu akaandika. Aliandika polepole, akasimama katikati, akaendelea. Mama akaandika, jogoo kwapani. Mimi nikaandika upesi, nikabonyeza kwa kishindo.

Fundi akasoma kioo. "Imekataa."

"Nani kakosea?" mama akauliza.

"Haisemi. Inasema hapana tu."

"Mashine gani haijui kutaja mwizi?"

"Mama, inaona neno moja. Haijui kama mko watatu."

Tukarudia. Ikakataa. Tukarudia tena, kila mtu akiandika kwa utulivu kama anaandika wosia. Ikakataa, na baada ya hapo fundi akasema mlinzi wa ghala amefunga mlango kabisa, tusubiri kwanza. Jogoo akawika. Rafiki yangu akasema jogoo huyo labda analo neno, apewe kibodi. Tulicheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi.

"Mimi changu nakijua kama jina la mama yangu," nikasema.

"Na mimi," mama akasema. "Nife hapa."

Rafiki yangu alikuwa anafuta miwani kwa upindo wa kanzu. "Mimi nadhani changu ndicho hicho," akasema.

Neno lile "nadhani" ndilo lililomponza. Sisi wawili tuliapa, yeye alidhani. Leo najua kwamba mtu anayetunza vitu vya watu miaka yote huogopa kuapa, maana anajua uzito wa kiapo. Siku ile nilisikia mlango umeachwa wazi, nikaona nimepata pa kupitia.

Maneno yakaanza. Mpwa wake alikuwa ameanza kununua dagaa kwa niaba ya wafanyabiashara wengine pale Kibirizi, watu waliotupunguzia soko. Wanachama wakasema mzee anaficha kipande ili chama kikwame. Wengine wakasema amekiuza. Auze nini? Neno lisilokamilika? Lakini ukishaanza kukasirika, hesabu huitaki. Wanachama ambao hawakuwahi kufungua barua pepe tangu wazaliwe walikuja ofisini kunililia kwamba barua zao zimefungiwa. Mmoja aliniambia ana mambo mazito mle ndani. Nikamuuliza mambo gani. Akasema hajui, ndiyo maana anataka kuyasoma.

Fundi akaniita pembeni. "Baba, hili jambo ni dogo. Mashine iko hapa mbele yangu, si Dar es Salaam. Aliye mbele ya mashine anaweza kufuta neno la zamani na kuweka jipya. Nitamwekea mlinzi neno jipya, nitamwambia kila kibarua, yamekwisha. Leoleo jioni."

"Bila vile vipande?"

"Vipande vya nini, baba?"

Hapo ningeweza kuokoa kila kitu. Ningesema, "Futa, binti yangu, Mungu akubariki," na watunzaji watatu tungekunywa chai na kucheka ujinga wetu. Lakini niliwaza mkutano utakaposikia kwamba kufuli zetu tatu hazikuwa kufuli, kwamba siku zote hizo mtu yeyote mwenye ujuzi angeingia mle chumbani na kufanya atakavyo. Mimi ndiye niliyepiga makofi. Mimi ndiye niliyeandika muhtasari kwa mwandiko mzuri. Nikamwambia fundi asubiri, tutafuata utaratibu.

"Utaratibu," akasema, akafunga begi lake.

Nikaenda Ujiji. Nilimkuta rafiki yangu barazani na kahawa yake. Alinimiminia bila kuniuliza.

"Mha wangu, nimekigeuza kichwa changu kama mfuko wa nguo. Kipande ni kilekile."

"Basi mbona mashine inakataa?"

"Wewe chako una uhakika nacho?"

"Mimi?"

"Ndiyo, wewe. Au Mungu alipokuumba alisahau kukuwekea kusahau?"

Alisema kwa utani, na kwa desturi yetu nilitakiwa nirudishe utani. Sikurudisha. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa nimetukanwa ofisini siku nzima na watu waliotaka barua wasizozijua, na huyu naye ananigeuzia kibao. Nikaweka kikombe chini kahawa ikiwa nusu.

"Watu wanasema, ujue," nikamwambia.

"Watu wanasema nini?"

"Unajua wanachosema."

Akakitazama kikombe changu. Kisha akaniambia, "Wewe unasema nini?" Nikasimama, nikaaga.

Mikutano yetu mikubwa huwa asubuhi katika siku za mbalamwezi, kwa sababu mwezi ukiwa mpevu dagaa hawafuati taa na mitumbwi hulala ufukweni. Kwa hiyo siku ile kila mtu alikuwepo, wavuvi, wakaushaji, wachuuzi, na waliokuja kwa ajili ya ugomvi tu. Niliweka suala la nywila kuwa ajenda ya kwanza. Mama alieleza yake. Mimi nikaeleza yangu. Rafiki yangu akasimama, akasema alichoandika ndicho alichokiweka kichwani mwake siku ile, na zaidi ya hapo hana.

Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Hana au hataki?"

Ilikuwa kazi yangu kumnyamazisha. Katibu hugonga meza, na mimi niligonga meza kwa mambo madogo zaidi ya hilo. Badala yake nilimgeukia rafiki yangu, nikasema maneno haya, na nayaandika kama nilivyoyasema:

"Mzee mwenzangu, kama kipande umempa mtu mwingine, au kama hutaki kukitoa, tuambie hapa tujue moja."

Alinitazama kama mtu anayesubiri nimalizie na mzaha.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Katibu," akasema. Hakuwahi kuniita hivyo. "Amana niliyopewa nimeirudisha kama nilivyopewa. Kama haikutosha, tafuteni kwingine."

Akatoka. Viatu vyote vilikuwa mlangoni, rundo zima la kandambili, na kwa macho yake yale dhaifu alichelewa kuvipata vyake. Aliinama akigeuza kimoja kimoja. Sisi wote tulikaa tunamtazama. Hakuna aliyenyanyuka kumsaidia, na mimi ndiye niliyekuwa karibu na mlango.

Baada ya kutoka, mkutano uliamua ndani ya muda mfupi kwamba fundi afute. Hakuna aliyeuliza kufuli tatu zilikuwa za nini. Aibu niliyoiogopa kiasi kile haikuja kabisa. Waliuliza tu kama chai ipo.

Mchana uleule fundi akaketi kwenye kibodi, mimi nyuma yake. Alibadilisha neno la ghala, akamwambia kibarua wa kupokea. Barua zikaingia, lakini hazikutoka. Akamwambia wa kutuma. Zikatoka, lakini mchambuaji wa matapeli, ambaye hajaambiwa, akasimamisha zote njiani. Akamwambia naye. Mmoja akagoma kwa sababu bado alishikilia lile neno la kwanza alilojaribiwa nalo, ikabidi azimwe na kuwashwa upya. Fundi aliguna, akasema, "Neno moja kwa watu wote, baba. Ukilibadilisha unabadilisha nyumba nzima. Nani aliwashauri hivi?"



Safari hii alimpa kila kibarua nywila yake, ndefu, akazihifadhi zote mahali pamoja penye usalama, na nakala katika sefu ya ofisi. Yaani vilevile alivyotaka mtaalamu wa mradi tangu mwanzo.

Kisha barua zikafunguka. Nilikaa kusubiri yale mambo mazito. Kulikuwa na matangazo. Kulikuwa na watu wa mbali waliotaka kuturithisha fedha za marehemu wasiojulikana. Kulikuwa na barua moja ya maana, ya mnunuzi wetu mkubwa wa dagaa, na iliandikwa hivi kwa ufupi: ameona kimya, amempigia simu mwenyekiti, wameelewana, mzigo uletwe. Mwenyekiti alikuwa amesahau kutuambia. Nilitaka kuing'oa ile mashine niitupe ziwani.

Wiki zilizofuata nilisikia jambo kutoka Ujiji ambalo mwanzoni sikulitia akilini. Watu walikuwa wanakwenda kwa rafiki yangu kuchukua vitu vyao. Mwanamke wa hereni alikwenda, akasema ana harusi. Mwenye hati ya kiwanja alikwenda, akasema benki wanaitaka. Kila mmoja alikuwa na sababu nzuri na kila mmoja alimshukuru. Naye aliingia ndani, akatoka na kitu cha kila mtu kimefungwa vilevile, mpaka ndani hapakubaki kitu cha mtu. Hakukosea hata kimoja. Habari hiyo ilipaswa kunipiga usoni siku hiyohiyo. Mtu anayekumbuka kifurushi cha kila mtu bila kuandika, angesahau kipande kimoja?

Kilichonipiga kilitoka kwa yule mama. Alikuja kuniletea dumu la mawese, akaketi, tukazungumza habari za wajukuu. Kisha akacheka peke yake.

"Unakumbuka siku ile ya ukutani? Shingo iliniuma kwa ajili yako."

"Kwa ajili yangu kwa nini?"

"Si mashine ilikukataa! Uliandika neno lako fupi, ikakataa. Yule mtaalamu akasema nywila nzima bado ni fupi, ufute neno lako utafute jingine refu. Tukasubiri, wewe unafikiri tu, unafikiri tu. Yule Mmanyema akaninong'oneza kwamba Mha anatunga mashairi."

Nilikaa pale na dumu miguuni. Ilinirudia polepole, kama mtu anayetoka gizani: kioo chekundu, mtaalamu akitazama saa, mimi nikiona aibu, nikiandika kitu chochote kirefu kilichonijia ili tumalize. Kitu gani? Sijui mpaka leo. Neno nililoapa kulijua kama jina la mama yangu ni lile la kwanza, lile lililokataliwa. Nililishika kwa sababu nilikuwa nimelichagua nyumbani kwa siku kadhaa. Lile la pili lilikaa kichwani mwangu muda wa kuliandika tu.

Nilikwenda kwa fundi kumuuliza kama neno la zamani linaweza kurudishwa ili tulijaribu, angalau tujue kama cha rafiki yangu kilikuwa sahihi.

"Nililifuta, baba. Wewe ulikuwa nyuma yangu."

"Hata alama yake?"

"Hata alama. Ndiyo maana ya kufuta."

Kwa hiyo siwezi hata kumpa uthibitisho. Naweza kusema tu kwamba cha kwangu kilikuwa kibaya.

Nikaenda Ujiji. Alikuwa ndani, alitoka, alinikaribisha kwa adabu yote, kahawa akaleta mkewe. Nilimweleza kuanzia mwanzo mpaka mwisho, sikujificha popote. Alisikiliza akitazama barabara.

"Umekuja peke yako," akasema nilipomaliza.

"Ndiyo."

"Uliponiuliza, walikuwepo watu."

Nikamwambia nitasema mkutanoni, mbalamwezi ijayo. Akasema vyema. Hakunitania. Nilisubiri anitanie, hata tusi ningelipokea kama mkate.

Mbalamwezi ilipofika nilisimama, nikasema mbele ya wote kwamba kipande kilichokosewa ni changu, na kwamba nilimvunjia heshima mtu asiye na kosa. Nilikuwa nimejiandaa kuzomewa. Mtu wa nyuma, yuleyule, akasema, "Mzee, hayo si yamepita? Barua si zinafika?" Wakaomba tuendelee na ajenda. Nikagonga meza, nikataka wanisikilize, nikarudia tena yote kwa sauti. Wengine walikuwa kwenye simu zao. Niliona wazi kwamba neno baya nililolisema kwa sentensi moja halitarudishwa na maelezo yangu marefu.

Yeye mwenyewe hakuwepo kusikia. Wiki hiyo alikuwa amevuka kwenda Kalemie kwa binti yake. Nyumba ya Ujiji alimwachia mpwa. Nilimpigia simu mara nyingi. Mara chache alipokea, aliniuliza afya ya familia, akaniombea dua, akakata. Mwaka uliofuata binti yake alinipigia kunieleza kwamba wamemzika kulekule.

Nilijiuzulu ukatibu na sasa mambo ya seva sijui yanaendaje. Nimeulizwa na wengi hasara ya ile shoti ya umeme ilikuwa kiasi gani, na hujibu kwamba diski ni diski. Hasara yangu ni hii: kwa kukubali kufuli tatu mahali pasipohitaji hata moja, na kwa kuona haya kukiri hilo mapema, nilimvua rafiki yangu jina la uaminifu alilolijenga maisha yake yote, akaondoka Ujiji bila kurudi, akafa kabla hajasikia nikimsafisha mbele ya watu.